Sista wa Rugemalira

Joanitha aliondoka nyumba ya malezi asubuhi ya mvua, wenzake wakiwa wamebakiza muda mfupi tu waweke nadhiri za kwanza. Hakufukuzwa. Ni vizuri hilo lijulikane mapema, kwa sababu baadaye kwao Nshamba yalisemwa mengi, na wapo ambao hadi leo wanaamini kulikuwa na mwanamume. Hakukuwa na mwanamume. Kulikuwa na swali aliloulizwa na mlezi wa manovisi, Sista Edwiga, siku walipokaa wawili kwenye benchi nje ya kikanisa.

"Kama nyumbani kusingekuwa na mtu hata mmoja anayekusubiri uwe mtawa," Sista Edwiga alimuuliza, "ungebaki hapa?"

Joanitha alitaka kusema ndiyo. Neno halikutoka. Alilia, akaomba muda wa kufikiri, akapewa, na muda ulipokwisha bado hakuwa na jibu jingine. Alipenda masomo ya pale. Alipenda Maandiko, alipenda kujifunza namna ya kumfundisha mtoto sala bila kumkaririsha kama kasuku, alipenda siku walizopelekwa kuwatembelea wagonjwa. Lakini maisha yenyewe ya nyumba ile, ukimya wake na kengele zake, yalimfanya ajione kama mgeni aliyekaa kupita kiasi, ambaye wenyeji wana adabu mno kumwambia aende. Sista Edwiga alimwambia hilo si dhambi. Wengi huja kutazama kama ni njia yao, na wengine huona siyo.

"Nitakusindikiza mwenyewe hadi kwa wazazi wako," alisema. "Habari kama hizi ni nzito kwa mtu mmoja."

"Hapana, Sista. Nitawaambia mwenyewe."

Akarudisha gauni la kijivu na shela nyeupe, akavaa sketi aliyokuja nayo miaka ile, akabeba begi lake na kutoka getini.

Shida ilikuwa ni ile siku aliyoagwa. Baba yake, Rugemalira, alichinja ng'ombe. Rubisi, pombe ya ndizi, ilitengenezwa ya kunywesha kitongoji kizima, jumuiya tatu zikaja na ngoma, paroko akambariki. Rugemalira, ambaye si mtu wa maneno mengi, alisimama mbele ya watu akasema katika ukoo wao hajawahi kutoka padri wala sista, na leo ametoka. Tangu hapo watu waliacha kumwita Ta Rugemalira, yaani Mzee Rugemalira. Wakamwita Baba Sista. Akifika kwenye chama cha msingi kupeleka kahawa, mtu alimpisha kwenye kiti. Mama yake, Klaudia, alichaguliwa kuongoza akina mama wa jumuiya, na kila Jumapili alimpigia binti yake simu kumweleza nani ameomba aombewe.

Joanitha hakupanda basi la Muleba, la kwenda kwao. Alipanda bodaboda hadi Hamugembe, hapo hapo mjini Bukoba, nyumbani kwa Nuriat, rafiki yake wa sekondari. Nuriat aliishi na baba yake, mzee Zahoro, fundi cherehani anayefanyia kazi chumba cha mbele, na nyuma ya nyumba wana migomba michache. Walimpokea vizuri. Alisema yuko likizo. Kila asubuhi alijiambia kesho nitakwenda nyumbani, na kila alipofikiria uso wa baba yake aliona bora kesho kutwa.

Siku moja alikwenda sokoni akanunua kitambaa cha kijivu na kipande cheupe, akavileta kwa mzee Zahoro.

"Gauni refu kidogo, mzee wangu," alisema. "Kola nyeupe. Na hiki cha kichwani."

Zahoro alimpima, akaandika vipimo kwa chaki pembeni ya kitambaa. "Kumbe huko kwenu mnashonesha nje?" aliuliza.

"La zamani limechakaa."

Mzee alikata kitambaa. Nuriat, aliyekuwa amekaa mlangoni akichambua mboga, alinyanyua macho. Baadaye, walipokuwa wawili jikoni, alimwambia, "Joanitha, likizo yenu mbona haina siku ya kurudi?" Joanitha akasema iko, na akaanza kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Aliposhuka Nshamba akiwa na gauni lile, hakuwa na nia ya kukaa nalo. Alijiambia atalivaa siku ya kwanza tu, ili mama yake asipate mshtuko mbele ya watu njiani, kisha usiku atawaeleza. Lakini Klaudia alikuja mbio kutoka migombani akiwa na udongo mikononi, akasimama hatua chache, akaogopa kumgusa asimchafue. "Sista," alisema, akamwita binti aliyemzaa kwa jina hilo. Majirani wakajaa. Rugemalira alileta kiti kile kizuri, akakiweka katikati ya chumba palipotandikwa majani mabichi, akamletea kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo kwa mikono miwili, kama anavyopewa mgeni wa heshima. Wakati wa chakula walimsubiri abariki. Alibariki. Baada ya hapo hakujua aanzie wapi kusema.

Waliuliza atakaa siku ngapi. Alisema ametumwa nyumbani kwa utume wa muda, kufundisha. Katekista wa kigango chao, Lwakatare, mzee ambaye miguu ilikuwa imeanza kumkataa, aliposikia hivyo alifika kesho yake akitembelea fimbo.

"Mungu amenionea huruma," alisema. "Watoto wa komunyo ya kwanza ni wengi mwaka huu, na mimi kusimama siwezi tena. Wachukue, Sista."

Aliwachukua. Na hapa ndipo mambo yalipozidi kuwa magumu, kwa sababu alifundisha vizuri. Hakuwatisha kwa moto wa milele. Aliwachorea njia ya kwenda Emau kwenye karatasi za saruji, akawauliza wao wangefanya nini kama mgeni angeungana nao njiani kutoka Rubya. Watoto waliokuwa wakitoroka mafundisho kwenda kucheza mpira lweya, ile nyika ya nyasi nje ya mashamba, walianza kuja kabla ya saa. Wazazi walisimama nje ya dirisha kusikiliza. Kila aliposifiwa, Joanitha alisikia joto likipanda shingoni chini ya kola ile nyeupe, na wao wakadhani ni unyenyekevu.

Alitembelea wagonjwa pia. Mmoja wao alikuwa Ma Vestina, bibi aliyekuwa hainuki tena kitandani na macho yake yakiona kivuli tu. Joanitha alimwosha miguu, akamsomea Injili. Siku moja bibi alishika pindo la shela, akalishikilia, akaanza kusimulia jambo la ujana wake ambalo hakuwahi kumwambia mtu. Joanitha alijua amwambie nini. Alikuwa amefundishwa: aseme, Ma, subiri, hilo mwambie padri. Lakini bibi alikuwa analia, na mkono wake ulikuwa umeng'ang'ania kitambaa cha mzee Zahoro. Joanitha alisikiliza mpaka mwisho. Alipotoka alipitia nyuma ya nyumba, kati ya migomba, asikutane na mtu.

Ilipofika Jumapili ya kuombea miito ya upadri na utawa, Lwakatare alimwomba azungumze na vijana. Alikataa mara mbili. Mara ya tatu paroko mwenyewe alimwomba, tena mbele ya watu. Akasimama, akasema machache kuhusu kumsikiliza Mungu kwa uaminifu. Hayakuwa maneno makubwa. Lakini kati ya waliokaa mbele alikuwapo Annastella, binti wa Kaijage, aliyemaliza kidato cha nne na ambaye kwa muda mrefu alimwomba baba yake ruhusa ya kwenda utawani. Kaijage alikuwa amekataa kabisa. Alisema wanaokwenda huko wanarudi na kiburi, na hawajui tena kushika jembe.

Jumanne jioni Kaijage alifika kwa Rugemalira akiwa na binti yake. Alikaa, akatafuna kahawa, akamgeukia Joanitha. Alivua kofia yake akaiweka gotini.

"Sista," alisema, "mimi nilikuwa mgumu. Nimekutazama tangu ulipokuja. Unalima na mama yako, unaosha wagonjwa, watoto wanakupenda. Kama huko ndiko wanakomtengeneza mtu namna hii, basi huyu wangu mchukue. Sitaki aende na mtu mwingine. Mpeleke wewe."

Annastella alitazama chini akitabasamu. Rugemalira alimtazama binti yake kwa macho ambayo Joanitha hakuwahi kuyaona kwake, hata siku ile ya ng'ombe.

Hapo ndipo palipokuwa pa kusema ukweli. Alijua hivyo. Watu wanne, chumba kimoja, mlango wazi.

"Nitampeleka," alisema.

Katika basi la asubuhi kwenda Bukoba, Annastella aliuliza maswali njia nzima. Mnaamka saa ngapi? Mnaruhusiwa kuwa na simu? Ni kweli manovisi wanapika kwa zamu? Joanitha alijibu yote, na yote aliyojibu yalikuwa kweli. Mpango wake ulikuwa kumfikisha msichana getini, aseme ana haraka ya kurudi utume, kisha apotee. Mwanza, labda, au mbali zaidi. Walipopita Muleba alikuwa bado anaupanga mpango huo. Walipoanza kuyaona maji ya ziwa aligundua kwamba msichana angesema tu kwamba ameletwa na Sista Joanitha, na wale wa ndani wangeshangaa, na Annastella angesimama katikati ya ukumbi ule na begi lake asijue atazame wapi. Aibu aliyokuwa akiikimbia yeye ingemfika mtoto wa watu ambaye hakuwa amefanya lolote.

Waliposhuka stendi alimwambia, "Tupite kwanza mahali."

Akampeleka Hamugembe. Mzee Zahoro alikuwa kwenye mashine. Nuriat aliwakaribisha ndani, akaona uso wa rafiki yake, akaenda kuweka chai jikoni bila kuuliza. Joanitha alimketisha Annastella kitandani, akavua shela, akaikunja mara mbili, akasema.

Alisema bila kuzungukazunguka. Kwamba aliondoka shirikani kabla ya kuja Nshamba. Kwamba gauni lile lilishonwa pale, chumba cha mbele, na yule mzee waliyemsalimia. Kwamba hakuna aliyemtuma kufundisha.

Annastella aliitazama shela iliyokunjwa. "Kwa hiyo paroko hajui?"

"Hajui."

"Na Baba Sista?" Akajisahihisha. "Na baba yako?"

"Hajui mtu."

"Mwaka mzima baba alinikatalia," Annastella alisema. "Amekubali kwa sababu yako. Sasa mimi nitamwambia nini? Atasema alijua tangu mwanzo. Hatakubali tena." Alilia kwa hasira. Joanitha alinyoosha mkono kumgusa bega, msichana akausukuma.

Nuriat alimpa Joanitha gauni lake moja la maua. Akiwa amelivaa hilo, nywele zikiwa wazi, alitembea na Annastella hadi kwenye geti lile la nyumba ya malezi. Msichana alitembea upande wa pili wa barabara.

Sista Edwiga mwenyewe ndiye aliyetoka. Alimwona Joanitha, akafurahi, kisha akamwona msichana na begi lake na furaha ikamtoka usoni. Aliwaonyesha benchi ya nje ya kikanisa. Joanitha alirudia yote, akiwa amesimama, kwa sababu alihisi hana haki ya kuketi pale. Hata shela hakuiacha.

"Nguo hiyo iko wapi?" Sista Edwiga aliuliza.

"Kwenye mfuko huu."

"Sitaki kuiona." Akamgeukia Annastella, akaongea naye kwa upole. "Mwanangu, mlango wetu haujafungwa. Lakini baba yako alikukabidhi kwa mtu ambaye hayupo. Siwezi kukupokea hivyo. Rudi umwambie ukweli, na akikubali tena, njoo pamoja naye."

Annastella aliitikia kwa kichwa.

"Na wewe, Joanitha. Nilitaka kukusindikiza kwenu, ukakataa."

"Ndiyo, Sista."

"Leo sitakusindikiza. Si kwa kukuadhibu. Ni kwamba wakikuona na mimi, watanisikiliza mimi."

Walirudi siku hiyo hiyo, Annastella amekaa kiti cha mbele karibu na dereva, Joanitha nyuma. Nshamba waliposhuka, watu wa madukani walimtazama Joanitha mara mbili, gauni la maua, kichwa wazi. Mmoja alifungua mdomo kumsalimia kwa jina la Sista, akaufunga. Annastella alichukua njia ya kwao bila kuaga.

Rugemalira alikuwa uani, amepiga magoti kwenye jamvi, akigeuza kahawa iliyoanikwa. Alimwona binti yake akaacha mkono juu ya kahawa.

"Nguo yako iko wapi?"

Joanitha alipiga magoti upande wa pili wa jamvi, kama alivyolelewa kumsalimia, na akiwa hapo alimweleza. Hakulia. Alikuwa ameshalia sana kwenye basi. Baba yake alisikiliza akitazama kahawa, na katikati ya maneno akaanza tena kuigeuza, polepole, punje zile zile.

"Kaijage anajua?"

"Annastella amekwenda kumwambia sasa hivi, tata."

Rugemalira aliinuka, akajipangusa magoti. Hakuingia ndani. Alipita nyuma ya nyumba akaingia katikati ya migomba, akakaa huko mpaka giza likaingia, na walimsikia akikata majani makavu ambayo hayakuhitaji kukatwa.

Klaudia alikuwa amesimama mlangoni, amesikia yote.

"Walikutesa huko?" aliuliza.

"Hapana, Ma."

"Uliugua?"

"Hapana."

"Basi kwa nini hukuniambia mimi? Kila Jumapili nilikupigia."

"Niliona aibu."

Klaudia aliketi kwenye ngazi. "Mimi nimewaambia akina mama wote," alisema, si kwa kugomba, kama mtu anayejaribu kukumbuka alipoacha kitu. "Nimewaambia wakuletee shida zao uwaombee. Wamekuletea."

Asubuhi Rugemalira alivaa koti lake la kanisani. "Twende kwa Kaijage," alisema, akatangulia. Huko walipewa viti, lakini kahawa ya kutafuna haikuletwa. Rugemalira aliona hivyo, na Joanitha aliona kwamba baba yake ameona. Katika umri wake wote hakuwahi kuingia nyumba ya jirani asipewe.

"Ta Rugemalira, wewe sina neno nawe," Kaijage alisema. Hakumtazama Joanitha hata mara moja. "Lakini huyu alikaa kwako, akanitazama usoni, nami nikavua kofia. Sikumvulia kofia hata mkuu wa wilaya alipokuja hapa."

"Nimekosa, Ta," Joanitha alisema. "Naomba unisamehe."

"Nimesikia," Kaijage alijibu. Si zaidi ya hapo.

Paroko, alipoelezwa, aliweka kalamu chini. Alimwambia asifundishe tena, na kwamba Jumapili baada ya Misa yeye mwenyewe awaambie wazazi wa watoto, wasije wakasikia kwa kuambiana. Jumapili hiyo alisimama mbele ya kigango na kusema kwa sentensi chache. Nyuma mtu alicheka. Mwanamke mmoja aliyekuwa amemletea kuku alitoka nje kabla hajamaliza. Watoto wa darasa lake, waliopangwa mstari wa mbele, walimtazama tu, na mdogo wao mmoja akamuuliza mwenzake, si kwa sauti ya chini vya kutosha, "Kwani siyo Sista?"

Kuna mlango mmoja aliouacha mwisho, kwa sababu huo aliuogopa kuliko yote. Alipoingia, Ma Vestina aligeuza kichwa juu ya mto wa kitanda.

"Ni Sista?"

"Hakuna Sista, Ma. Ni mimi, Joanitha wa Rugemalira."

"Joanitha wa Rugemalira," bibi alisema, akitafuta. "Yule aliyekuwa akiogopa mbwa wetu."

"Huyo huyo." Akampigia magoti karibu na kitanda, akamweleza, mara ya ngapi sasa hata yeye hakujua, na kila mara ilikuwa kama ya kwanza. Alimhakikishia kwamba yale aliyoambiwa hayatatoka kinywani mwake maisha yake yote.

Mkono wa bibi ulitembea juu ya blanketi ukafika kichwani kwa Joanitha, ukagusa nywele, ukarudi.

"Nilimwambia Sista," alisema. "Wewe sikukuambia."

Katika yote aliyoambiwa Joanitha siku zile, na aliambiwa mabaya kuliko hilo, hili ndilo lililobaki. Bibi aligeukia ukutani. "Niletee padri," alisema. "Na maji ya miguu. Nani ataniosha sasa?"

Joanitha alimwosha miguu, kisha akapanda bodaboda hadi parokiani kumleta paroko. Alisubiri nje, mbali na dirisha, mpaka paroko alipotoka. Ma Vestina alifariki kabla ya mavuno ya kahawa yaliyofuata. Kwenye msiba Joanitha alikaa na wanaochota maji.

Mwaka ule ulikuwa mrefu. Rugemalira aliacha kwenda chama cha msingi. Alimtuma mpwa wake apeleke kahawa. Hakuna aliyemwita tena Baba Sista, isipokuwa walevi wawili watatu waliofanya mzaha, na yeye hakuwajibu. Klaudia aliwaambia akina mama wachague kiongozi mwingine. Wakamwambia abaki, akakataa, akabaki nyumbani. Joanitha alilima kibanja, shamba la nyumbani, akatandaza majani kwenye migomba, akateka maji. Watoto walipata komunyo yao ya kwanza. Alikaa karibu na mlango. Paroko alipowauliza maswali walijibu kwa maneno yao wenyewe, bila kukariri, na mzee Lwakatare akageuka kwenye benchi kumtafuta kwa macho. Joanitha alitazama sakafu.

Kaijage alikaa na hasira yake hadi mvua za masika zilizofuata. Kisha akampeleka Annastella mwenyewe, yeye na mkewe, hadi getini. Inasemekana alimuuliza Sista Edwiga mambo mengi, akataka kuonyeshwa hadi jiko. Binti yupo huko hadi sasa. Akija likizo hamtafuti Joanitha, na Joanitha hamlaumu.

Lwakatare alikuja siku moja akikokota miguu, akaketi uani. Alisema jimbo linafungua mafunzo ya makatekista, kigango kinatakiwa kumtuma mtu, na yeye ametaja jina lake. Halmashauri ilikuwa imegawanyika. Mwijage, mwenyekiti, alikuwa ameuliza waziwazi mwanamke yule atawafundisha watoto nini. Mwishowe paroko alisema atume ombi, walimu wa huko wamjue alivyo, waamue.

"Ta, mimi sistahili," Joanitha alisema.

"Sijakuuliza kama unastahili," mzee alijibu, akisugua goti. "Nakuuliza kama utakwenda. Mimi miguu imekwisha."

Rugemalira alikuwa karibu, akinoa panga. Hakuinua uso. "Nenda," alisema. "Lakini siku ya kwanza waambie. Usisubiri ya pili."

Alikwenda. Siku ya kwanza, kila mtu alipotakiwa kujitambulisha, wengine walitaja jina na parokia. Joanitha alisimama, akataja jina, parokia, kisha akasema alichowahi kufanya. Kwa siku kadhaa wenzake hawakujua wakae naye vipi wakati wa kula. Alisoma. Mengi alikuwa anayajua. Mengine alidhani anayajua, kama lile somo la kumsikiliza mgonjwa na kujua pa kumnyamazisha kwa upole, ambalo aliliandika lote akiwa ameinamisha kichwa ili asionekane macho.

Sasa anafundisha kigangoni kwao, kwa kitenge na blauzi, jina lake likiwa Mwalimu. Wazazi wachache wanapeleka watoto wao kigango cha jirani, mwendo mrefu, ili tu wasifundishwe naye, na anapowakuta njiani anawasalimia wa kwanza. Rugemalira amerudi kupeleka kahawa mwenyewe. Mtu akimpisha kwenye kiti, anashukuru na kubaki amesimama.

Hivi karibuni Joanitha alikuwa akifundisha kuhusu toba. Msichana mmoja wa darasa, ambaye bila shaka alisikia nyumbani, aliinua mkono.

"Mwalimu, wewe uliomba msamaha?"

"Niliomba."

"Kwa Mungu?"

"Kwa Mungu, na kwa watu. Mmoja mmoja."

"Wote walikubali?"

Shingo ya Joanitha ilipata joto lile lile analolijua.

"Hapana," alisema. "Si wote. Na hawalazimiki."

Msichana alifikiri kidogo, akaandika kitu kwenye daftari lake. Joanitha aligeukia ubao, akatafuta chaki, akaendelea na sala ya kutubu kutoka pale walipoishia.